Mbabula mbili, daftari moja: tathmini yangu kutoka Katuba

Nianze na bei, maana najua wengi mtasoma hapo tu na kuondoka. Mbabula ya kwanza niliinunua FC 45,000 (faranga za Kongo). Ya pili FC 28,000. Ya kwanza ilikuja na karatasi ya rangi iliyobandikwa ubavuni, ikidai inapunguza makala kwa sehemu 60 kwa 100. Ya pili haina karatasi. Ina alama ya kidole gumba kwenye udongo, fundi aliigusa kabla haijakauka na hakujisumbua kuisawazisha. Ninayopikia leo ni hiyo ya kidole gumba.

Kwa msomaji wa Mombasa au Dodoma: mbabula ni jiko la makala, makala ni mkaa, bukari ni ugali wenu. Hapa Katuba, komuni ya Lubumbashi huku Kongo, bila hivyo vitatu hakuna aliyekula.

Nyumbani tuko wanane. Mimi na bwana yangu, watoto wanne, mama mukwe wangu, na mtoto wa shemeji aliyekuja kusoma na hajaondoka. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Waya wa umeme unaingia kwetu, lakini delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) inakuja bila hodi, na hata siku umeme upo voltaji inashuka jioni mpaka taa inakuwa kama kitunguu chekundu. Jirani yetu mmoja ana rishoo, jiko la umeme, yenye sahani mbili. Amepangia vitabu juu yake.

Kwa hiyo ni makala, asubuhi na jioni. Kama familia nyingi za hapa, sinunui gunia. Gunia linahitaji pesa nzima mkononi, na pesa nzima mkononi mwa mwalimu inakaa siku mbili. Nanunua sacheti, vifuko vidogo vya FC 500, kwa mama mmoja kwenye kona, kila siku. Hili la sacheti lishikeni, nitalirudia.

Mwezi wa kwanza nilifanya jambo ambalo bwana yangu alilicheka. Nilichukua daftari la mwanafunzi, nikapiga mistari, nikaandika kila sacheti iliyoingia jikoni kwa siku 30, nikiwa bado na mbabula yetu ya zamani ya chuma tupu, ile yenye matundu ya msumari. Mama wa makala yule yule, ukubwa ule ule wa sacheti (za kona ya pili zina vumbi jingi chini). Siku ya maharage nne au tano, siku ya sombe (kisamvu) nne, siku ya samaki mbili au tatu. Jumla: sacheti 102. FC 51,000 zilizogeuka majivu.

Ndipo nikanunua ile ya karatasi ya rangi. Ilikuwa inauzwa na mradi fulani, jina la shirika nalihifadhi, kwenye meza yenye kitambaa kizuri na vijana wenye fulana zinazofanana. Walisema bei ya kweli ni mara mbili, nusu wanailipa wafadhili. Pesa nilizitoa kwenye likelemba (upatu) ya walimu wanawake wa shule yetu, zamu ilikuwa imenifikia. Bila likelemba nisingeinunua, na nadhani wale vijana hawakuwahi kujiuliza mteja wao anazipata wapi FC 45,000 siku moja.

Niseme haki: ilichoma vizuri. Sababu yake si uchawi. Mbabula ya chuma inapasha hewa ya uwanjani kuliko sufuria; weka mkono ubavuni uone. Ukiivalisha udongo ndani, joto linabaki pale, makala yanawaka polepole, na mlango mdogo wa chini unakuwezesha kubana pumzi ya moto maharage yakishachemka. Mwezi huo daftari lilisema sacheti 58. Akiba ya sacheti 44, yaani FC 22,000, sehemu 43 kwa 100. Si 60 ya kwenye karatasi, lakini 43 ni pesa. Nilinunua viatu vya mtoto wa pili.

Shida ilikuwa bukari.

Aliyeichora ile mbabula alikuwa anafikiria sufuria ndogo yenye mkono mmoja, ya kuchemshia mayi ya chai au supu. Chini nyembamba, juu pana, na vishikizo vitatu vyembamba vya kubebea sufuria. Sasa chukua bukari ya watu wanane. Unga meka nzima (kipimo chetu cha sokoni) na zaidi. Huikorogi ile, unapigana nayo. Unaivuta kwa mwiko kutoka ukingo hadi ukingo, sufuria inataka kukukimbia, unaibana kwa mguu wenye kitambaa au unamwita mtoto aishike kwa vijiti. Nguvu yote hiyo inashukia kwenye vishikizo vitatu vya unene wa kidole. Siku ya kwanza mbabula iliyumba. Mama mukwe alisimama mlangoni akaangalia, akasema, "Mwana, hii kintu haijue bukari."

Hiyo ndiyo tathmini fupi kuliko zote na ningeweza kuishia hapo.

Kwa wiki kadhaa tulikuwa tunaishusha sufuria chini kwenye mchanga, tunasonga, tunairudisha. Joto linapotea, na mgongo pia. Watoto walipokuwa wanapika wenyewe hawakushusha, walisongea pale pale juu. Wiki ya tisa kishikizo kimoja kiling'oka na kipande cha udongo, ufa ukashuka hadi kwenye wavu wa chuma unaobeba makala. Nikafungua daftari. Siku 63, akiba ya kama FC 733 kwa siku: FC 46,200 hivi. Yaani ilinirudishia pesa yangu, ikaniongezea kama FC 1,200 za asante, kisha ikafa. Ungedhani ilikuwa na daftari lake.

Nilikwenda na risiti. Meza haikuwepo. Nilipiga simu ya kwenye karatasi, kijana mmoja mwenye adabu sana akanijibu kwamba mradi ulifungwa mwezi wa tatu. Nikamuuliza wavu na udongo wa kubadilisha vinapatikana wapi. Akasema, "Mama, ile haitengenezwake." Nikamuuliza basi nifanye nini. Akaniombea baraka.

Nimekuwa nikiwaza jambo hili tangu siku hiyo, kwa sababu hadithi za mbabula ni za zamani na majibu yake yanajulikana. Wakenya walianza na jiko lao la udongo na bati mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand, mafundi wa Nairobi wakalibadilisha umbo mpaka likakaa vizuri chini ya sufuria zao. Lilitengenezwa na mafundi wa bati wenyewe na kuuzwa sokoni kwa faida yao, likavunjika, likatengenezwa tena pale pale. Miaka 40 baadaye bado lipo. China katika miaka ile ile ilisambaza majiko bora zaidi ya milioni 100 vijijini, na serikali haikuyagawa yote kama zawadi. Familia zililipa sehemu kubwa, pesa ya umma ikaenda kwenye mafunzo, upimaji na mafundi wa wilaya. Pesa ya umma ina kazi yake, na kazi hiyo si kunilipia mimi nusu ya chombo kisicho na fundi.

Upande wa pili kuna India. Mwaka 2016 walianzisha mpango wa kuwapa wanawake wa familia maskini muunganisho wa gesi bila kulipa amana. Hadi Septemba 2019 walikuwa wamefikisha familia milioni 80, hesabu ambayo sijui nani mwingine ameifikia kwa kasi ile. Lakini mtungi wa kilo 14.2 ukiisha, unajazwa kwa pesa nzima. Katika miaka ile ya mwanzo, wastani wa familia hizo ulikuwa kama mitungi mitatu kwa mwaka, wakati familia inayopika kwa gesi tu inahitaji maradufu na zaidi. Kati ya mtungi na mtungi walirudi kwenye kuni. Mimi nikisoma hivyo naona sacheti zangu. Maskini halipi kwa mwezi, analipa kwa jioni. Mpango wowote unaomtaka alipe kwa mtungi, kwa gunia au kwa FC 45,000 umeshamfungia mlango kabla ya kumsalimia, hata kama hesabu ya mwaka mzima inampendelea.

Na bei yenyewe haitulii. Kenya waliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia mwaka 2016, wakairudisha kwa 16 kwa 100 mwaka 2021, wakaipunguza hadi 8 mwaka 2022, wakaifuta tena 2023. Mama aliyenunua mtungi katikati ya hizo zamu alifanya nini? Alitunza mbabula yake, nina hakika. Tanzania wamejiwekea shabaha ya watu 80 kwa 100 kupika kwa nishati safi ifikapo 2034. Nawatakia heri, na nawaomba wahesabu mitungi inayojazwa, wasihesabu mitungi inayogawiwa tu.

Nirudi Katuba. Ya pili, ya kidole gumba.

Fundi ni papa mmoja anayekaa hatua chache kutoka shuleni kwetu. Anakata mapipa ya zamani, na udongo anauchimba kwenye kichuguu. Aliyefika Lubumbashi anavijua vichuguu vyetu, vile vinavyosimama juu kuliko nyumba; matofali ya nusu ya mji huu yametoka humo. Udongo wake unashika, haupasuki hovyo. Anauchanganya na majivu na kitu kingine ambacho hataki kusema. Nilimpelekea ile iliyokufa. Akaigeuza geuza kama daktari, akacheka, akaniuliza, "Sasa, mama, hii banapikaka nayo nini?" Nikamwambia chai. Akaniuliza ukubwa wa sufuria yangu. Nikarudi nyumbani kuichukua, akaipima kwa kamba, na akaniomba nikae chini nioneshe jinsi ninavyosonga. Nilisonga hewa mbele ya vijana wa gereji ya jirani, mwalimu mzima.

Iliyotoka ni mbaya kwa sura. Chini ni pana kuliko juu, nzito, ina miguu minne mifupi ya chuma cha nondo, na vishikizo vyake ni vipande vya nondo vilivyopita ndani ya udongo hadi kwenye bati. Haiyumbi. Mama mukwe aliisukuma kwa mguu mara mbili, akakaa, akasonga bukari yote bila kusema neno. Kwake hiyo ni sifa.

Udongo wake ni mnene mno, kwa hiyo inachelewa kupata moto. Asubuhi chai inachukua dakika nyingi na watoto wanalalamika. Akiba pia ni ndogo. Safari hii nililipeleka daftari darasani, tulikuwa kwenye somo la asilimia. Sacheti 102 zamani, sacheti 66 sasa: watoto wakanipatia 35 na kidogo juu. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambalo si dawati, ni tofali, akainua mkono: "Madame, FC 28,000 inarudi baada ya siku ngapi?" Tukahesabu pamoja. FC 18,000 kwa mwezi, FC 600 kwa siku, siku 47. Imeshapita miezi mitano. Wavu uliungua mwezi wa nne, nikaubadilisha kwa FC 1,500 nikiwa nimesimama.

Kwa hiyo, ukiniuliza ipi ni bora kwenye karatasi, ni ya kwanza: 43 dhidi ya 35. Nani hupika kwenye karatasi.

Nimetaja tofali la darasani, niseme jambo kidogo, si mbali na mada. Mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure nchi nzima, na ile pesa ya wazazi iliyokuwa inatulisha walimu ikafutwa. Niliunga mkono na bado naunga mkono. Nina wasichana darasani ambao nisingewaona kamwe. Lakini watoto walikuja kabla ya madawati, kabla ya vyumba, na kwa wenzangu wengi kabla ya mishahara. Naiona elimu hiyo ya bure kama ndugu wa mbabula ya kwanza: mlango ulifunguliwa kwa shangwe, ila aliyeufungua hakupima sufuria.

Kuhusu umeme, ambao ndio ungenifanya nisiandike haya yote. Kutoka bwawa la Inga, magharibi ya nchi, hadi Kolwezi huku kwetu kuna njia ya umeme ya kilomita kama 1,700, iliyojengwa enzi za Mobutu ili kulisha migodi ya Katanga. Ni aina ya umeme usioweza kuchomolewa katikati ya njia bila kituo kikubwa cha kuubadilisha. Kwa hiyo unapita juu ya vichwa vya vijiji, na chini yake watu wanakata mti kupikia. Sheria ya 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa kampuni binafsi, na sheria ya madini ya 2018 iliagiza sehemu 15 kwa 100 ya mrabaha wa madini ilipwe moja kwa moja kwa komuni au sekta ambako mgodi upo, 25 kwa jimbo, na 10 iwekwe kwa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kampuni zitenge angalau 0.3 kwa 100 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Hizo ni pesa, tena karibu na sisi. Sijawahi kusikia mkutano wa mtaa ukijadili mbabula. Nimesikia wakijadili jengo la ofisi. Kwa bei ya jengo moja papa fundi angefundisha vijana 50, na angelipwa kuwafundisha, na kila kona ya Katuba na Kenya (komuni yetu ya Kenya, si nchi) ingekuwa na mtu wa kubadilisha wavu.

Sasa kuna mtu mmoja ambaye tathmini nyingi za mbabula zinamsahau. Mama wa makala. Mwezi wa kwanza wa mbabula mpya alinitazama vibaya. Mwezi wa pili akaniuliza wazi, "Yaya, njo kusema umepata mwingine?" Nikamwonesha mbabula. Alinyamaza, kisha akasema kwamba wote tukinunua hiyo, yeye atauza nini. Sikuwa na jibu na bado sina zuri. Nyuma yake kuna kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia manne kutoka njia ya mbali, anaondoka usiku ili afike na alfajiri, na kila mwaka anasema anakwenda mbali zaidi. Nyuma ya kijana kuna mtu porini mwenye tanuru la udongo; kilo 100 za kuni zikampa makala kilo 10, akibahatika 20. Miombo, miti ya misitu yetu, ikikatwa inachipua, lakini inahitaji miaka mingi bila moto na bila shoka, na hapa kandokando ya mji hakuna anayeipa. Kule upande wa Kinshasa, kwenye nyanda za Bateke, Mampu, kuna hekta kama 8,000 za akasia zilizopandwa kwa ajili ya makala, wakulima wanalima mihogo katikati ya mizunguko ya miti. Yule kijana wa baiskeli angeweza kuwa na msitu wa namna hiyo wa kwendea, na mama wa kona angeendelea kuuza, sacheti chache za makala yasiyomaliza pori. Nimemshauri auze na wavu wa mbabula. Amesema atafikiri. Mpaka sasa hajafikiri.

Onyo, na hili si la mzaha. Makala hayatoi moshi mwingi, ndiyo maana watu huingiza mbabula ndani wakati wa baridi ya mwezi wa sita. Hewa yake yenye sumu huioni wala huinusi. Mbabula ya udongo inakula makala kidogo lakini sumu hiyo bado inatoa, na kwa kuwa joto linakaa muda mrefu unashawishika kulala nayo. Usilale nayo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 3.2 waliokufa mwaka 2020 kwa sababu ya hewa chafu ya nyumbani, na hao ni wa moshi wa kila siku, wa pole pole. Yetu inalala nje, chini ya bati, hata mvua ikija.

Nani anunue? Ukiwa unapikia watu wawili watatu, wali na chai, chukua yoyote nyepesi yenye udongo ndani, mradi umuulize muuzaji swali moja: wavu ukiungua nakwenda kwa nani? Akianza kukuonesha karatasi, ondoka. Ukiwa na nyumba kama yangu, beba sufuria yako kubwa uende nayo kwa fundi, usimtajie namba, mwoneshe. Mwombe akupokee kwa awamu. Wangu alikubali FC 7,000 mara nne, kila Jumamosi, jambo ambalo mradi wenye wafadhili haukuliweza. Na usiitupe mbabula ya zamani. Sisi tunachomea samaki.

Wiki hii mkanda wa bati umelegea upande mmoja. Jumamosi nampelekea aukaze. Mama mukwe amenituma nimuulize kama anaweza kutengeneza moja ya ukubwa wa sufuria ya kilio, ile ya watu mia, na amesema safari hii ataenda mwenyewe kukaa chini na kusonga hewa.